Uzi: Injini za SR-71 Blackbird zilivyofanya kazi, na ile hesabu ya asilimia 54 inayowachanganya watu

Wakuu, salaam.

Kila SR-71, ile ndege ya upelelezi ya Marekani, ikitajwa humu, hazipiti komenti tano kabla mtu hajaandika kwamba "ikifika Mach 3 injini zilikuwa zinatoa asilimia 17 tu ya msukumo" (Mach 3 ni mara tatu ya kasi ya sauti). Wengine wanaongeza chumvi kwamba huko juu injini zilikuwa zinazimwa kabisa, ndege inajiendea na hewa. Hilo la kuzimwa ni uongo mtupu. Hilo la asilimia 17, pamoja na mwenzake asilimia 54 inayohesabiwa kwenye mdomo wa hewa, lina ukweli ndani yake, ila linasomwa vibaya. Nimeona bora nilete uzi mzima tulimalize.

Historia naipitia haraka. Tarehe 1 Mei 1960 Wasovieti waliitungua U-2, ndege ya upelelezi ya Marekani iliyorushwa na rubani Francis Gary Powers, karibu na Sverdlovsk. U-2 ilipaa juu sana lakini ilikuwa mzito wa mwendo. CIA walikuwa wameshaanza kumtafutia mrithi, na kazi ilikuwa mikononi mwa mhandisi Kelly Johnson na kikosi chake cha Skunk Works pale Lockheed, California. Ikatoka A-12, ikaruka mara ya kwanza Aprili 1962. Ikafuata SR-71, yenye viti viwili, iliyoruka tarehe 22 Desemba 1964. Zote ziliundwa kuizunguka injini moja: J58 ya Pratt & Whitney, mbili kwa kila ndege. A-12 za mwanzo zilipaa na injini nyingine, J75, kwa sababu J58 ilikuwa bado inawatoa watu jasho karakana. Hata J58 yenyewe ilianza kama mradi wa jeshi la wanamaji la Marekani. Mradi ukafa, injini ikaokotwa, ikafumuliwa karibu yote.

Sasa tatizo lenyewe.

SR-71 ilitembea Mach 3.2 kwenye kimo cha mita 24,000 na ushee. Hapo ni kama mita 950 kila sekunde. Hewa ya huko ni nyembamba mno, shinikizo lake ni kama asilimia 3 ya lile la usawa wa bahari, na baridi yake inapita nyuzi 50 chini ya sifuri. Injini ya jeti haiwezi kumeza hewa inayokuja kwa kasi hiyo. Mapanga ya kompresa (sehemu ya injini inayoshindilia hewa kabla ya kuchomwa) yanataka hewa iliyo chini ya kasi ya sauti, tena chini sana. Kwa hiyo kabla hewa haijagusa panga la kwanza, lazima itolewe Mach 3.2 na kushushwa hadi chini ya Mach 0.5, ndani ya mita chache tu.

Na hewa ukiikamata ghafla hivyo, mwendo wake haupotei. Unageuka joto na presha. Ile iliyokuwa barafu huko nje inafika kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 400 za Selsiasi. Kikomo walichowekewa marubani hapo ni nyuzi 427. Kumbukeni bado hakuna tone la mafuta lililochomwa, hiyo ndiyo hewa "baridi" ya kuingilia! Kikomo hicho ndicho kilichoifunga ndege kwenye Mach 3.2, siyo kuishiwa nguvu. Msukumo ulikuwepo, joto ndilo lililokataa.

KONI

Angalia picha yoyote ya SR-71 kwa mbele. Kila injini ina koni kubwa iliyochongoka inayochomoza mdomoni. Wengi hudhani imewekwa kupasua upepo basi. Ile koni inatembea, na ndiyo iliyobeba siri kubwa kuliko hata injini iliyo nyuma yake.

Chini ya futi 30,000 inafungwa mbele kabisa. Ndege ikishapita Mach 1.6 inaanza kurudi nyuma, taratibu kadiri mwendo unavyopanda, hadi jumla ya sentimita 66 ikifika Mach 3.2. Kurudi kwake kunafanya kazi mbili kwa mpigo: mdomo unanasa hewa zaidi ya mara mbili ya mwanzo, na koo kwa ndani linabanwa hadi karibu nusu.

Hapa ndipo watu wanapokwama. Sote tunajua ukibana mpira wa maji kwa kidole gumba, maji yanatoka kwa kasi zaidi. Hewa iliyo juu ya kasi ya sauti inafanya kinyume: ukiibana inapunguza mwendo na presha inapanda. Ikishashuka chini ya kasi ya sauti, tabia tuliyoizoea inarudi, na hapo ukitaka ipunguze zaidi inabidi uitanulie njia. Ndiyo maana njia ya hewa ndani ya ile pua (nitaita hivyo mdomo mzima wa hewa wa kila injini) inabanwa kwanza, halafu inatanuka kuelekea kwenye kompresa.

Hewa inaanza kupoza mwendo kupitia mawimbi ya mshtuko (mipaka myembamba ambapo hewa inapunguza mwendo ghafla na presha inapanda) ya mshazari yanayoanzia kwenye ncha ya koni. Mpaka wa mwisho, ambapo inavuka rasmi kwenda chini ya kasi ya sauti, ni wimbi la mshtuko lililosimama wima, na linatakiwa likae nyuma kidogo tu ya koo. Likirudi nyuma mno unapoteza presha. Likisogea mbele mno linatemwa nje, na hapo balaa linaanza, nitalifikia.

Wakipatia, hewa inafika kwenye kompresa imeshindiliwa karibu mara 40. Fanya hesabu: asilimia 3 mara 40, unapata presha inayolingana na ya ufukweni au kuizidi kidogo, ukiwa kilomita 24 juu. Na hakuna kinachozunguka hapo, ni umbo tu na mwendo.

Kuna mengine madogo. Koni ina matundu ya kunyonya ule utando wa hewa mvivu unaong'ang'ania chuma, na kuna milango ya kutemea hewa iliyozidi. Sehemu ya hewa hiyo inapitishwa nje ya injini, inaipooza ubavuni, kisha inaibukia nyuma kwenye nozeli (mdomo wa kutolea moshi) na kusaidia kusukuma. Hata koni zenyewe hazikutazama mbele moja kwa moja, zimeinamishwa kidogo chini na kuelekea ndani, kwa sababu ndivyo hewa inavyolikuta bawa la ndege hii.

MABOMBA SITA

J58 ina kompresa ya hatua 9 na turbini (magurudumu yanayozungushwa na gesi ya moto na kuiendesha kompresa) ya hatua 2. Kompresa hiyo ikilishwa hewa ya nyuzi 400 inaugua: hatua za mbele zinapoteza mshiko wa hewa, za nyuma zinazibwa, kwa sababu kinacholetwa hakiwezi kupita chote. Injini nyingi za zama zile zingekata pumzi hapo.

Mhandisi wa Pratt & Whitney, Robert Abernethy, alikuja na dawa ambayo mimi binafsi naona ni akili kubwa kuliko koni. Toboa kompresa baada ya hatua ya 4. Chukua sehemu ya hewa, ipitishe kwenye mabomba sita manene yaliyolala nje ya injini, iruke hatua tano zilizobaki, iruke chumba cha kuchomea, iruke turbini, ikaingie moja kwa moja kwenye chumba cha moto wa nyuma. Vali za mabomba hayo hukaa zimefungwa wakati wa kupaa, zinafunguka ndege ikishapita takribani Mach 2.

Faida inakuja pande zote. Hatua za nyuma za kompresa zinapumua. Zile za mbele zinapata mtiririko wa kutosha. Na hewa iliyozunguka kwa nje haijapoteza oksijeni, halafu ina joto dogo kuliko moshi unaotoka kwenye turbini, kwa hiyo inapooza kuta za nyuma na kulisha moto hapohapo.

Moto wa nyuma wenyewe ni mafuta yanayomwagwa na kuwashwa baada ya turbini. Ndege za kivita za kawaida huutumia kwa dakika chache maana unakunywa mafuta kupindukia. SR-71 ilisafiri nao umewaka zaidi ya saa nzima kwa mkupuo. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa.

Karibuni kwa maswali.

———

Mdau: Mkuu umeshusha nondo. Sasa kama pua peke yake inashindilia hewa mara 40, kompresa ya nini tena? Si wangefunga ramjeti (injini ya jeti isiyo na kompresa wala turbini) wakamaliza?

Mleta uzi: Ramjeti ikiwa imesimama ni bomba tu, haina kinachoisukumia hewa. Lazima mtu akufikishe kwanza kwenye kasi kubwa. Lockheed wenyewe walijaribu: walitengeneza droni ya D-21 yenye ramjeti ya Marquardt, wakaibebesha mgongoni mwa A-12 iliyorekebishwa, wakaiita M-21. Tarehe 30 Julai 1966 droni ilipoachia ikaigonga ndege mama, ndege ikakatika na mmoja wa wafanyakazi wawili akafa. Kelly Johnson akaachana na mtindo huo, D-21 zikahamia kwenye ndege za mabomu za B-52 zikiwa na roketi ya kuzipa kasi ya kuanzia.

SR-71 ilihitaji injini moja inayopaa kutoka kiwanjani, inayopunguza mwendo ili kunyonya mafuta angani kwenye ndege ya kubeba mafuta ya KC-135Q, na inayorudi tena Mach 3. Ndiyo maana mimi siafiki wanaosema J58 "iligeuka ramjeti". Hewa yote iliyoingia kwenye injini ilipita hatua nne za kwanza za kompresa muda wote. Kompresa ilizunguka, turbini ilizunguka. Ni turbojeti yenye njia ya mchepuko, basi.

———

Mdau: Ila zile asilimia zipo kwenye maandiko ya Pratt & Whitney wenyewe mkuu, usizikatae.

Mleta uzi: Sizikatai, nazisoma. Takwimu zinazotajwa ni hizi: kwenye Mach 2.2, pua ya hewa asilimia 13, injini 73, nozeli ya nyuma 14. Kwenye Mach 3.2, pua 54, injini 17.6, nozeli 28.4.

Swali ni zinapima nini. Zinapima nguvu inaegemea wapi kwenye fremu ya ndege. Ndani ya ile pua, nyuma ya koo, kuna hewa yenye presha ya ufukweni. Njia hapo inatanuka, kwa hiyo kuta zake, na mgongo wa koni unaopungua kuelekea nyuma, zina uso unaotazama nyuma. Presha inapiga hapo na kusukuma mbele. Ukijumlisha, pua inavuta ndege kwa nguvu kubwa kuliko viungio vya injini vinavyosukuma.

Lakini nishati haitoki puani. Nishati yote inatoka kwenye mafuta. Zima moto wa injini, na ile pua inageuka papo hapo kuwa mzigo mkubwa wa kuburuta. Presha inakaa mle kwa sababu nyuma kuna mashine inayoimeza hewa, kuichoma na kuitupa kwa kasi zaidi ya iliyoingia. Kwa hiyo "injini inatoa asilimia 17" ni kweli ukimaanisha bolti zilizoishikilia. Ukimaanisha kazi, ni asilimia 100.

Na siyo maajabu ya Blackbird peke yake. Concorde nayo kwenye Mach 2 zaidi ya nusu ya msukumo wake ulihesabiwa kwenye mdomo wa hewa.

———

Mdau: Balaa la wimbi kutemwa umelitaja ukaliacha hewani. Malizia.

Mleta uzi: Haya. Wimbi la mshtuko likitoka mbele ya koo, mtiririko wote wa pua hiyo unavunjika. Wao waliita "anstati" (unstart kwa Kiingereza). Msukumo wa upande mmoja unapotea ghafla wakati upande wa pili uko kamili, na pua mbovu inageuka breki. Ndege inapinda kwa nguvu kiasi cha kumbamiza rubani helmeti kwenye kioo. Na mlio wake ni wa mlipuko.

Dawa yake: koni inasukumwa mbele kabisa, milango ya kutemea hewa inafunguliwa, wimbi linarudishwa ndani, kisha koni inarejeshwa taratibu. Baadaye walifunga mfumo ambao pua moja ikitema, na ya pili inafanyiwa vilevile makusudi ili ndege isipinde. Miaka ya 1980 kompyuta za kidijitali zilipochukua nafasi ya zile za zamani, tukio hili likawa la nadra.

Mapema haikuwa hivyo. Tarehe 25 Januari 1966 Bill Weaver, rubani wa majaribio wa Lockheed, na Jim Zwayer kwenye kiti cha nyuma, walikuwa Mach 3.18, futi 78,800, wamelalia kulia kwenye kona. Pua ya kulia ikatema. Ndege ikazidi kulalia kulia, ikainua kichwa juu, usukani hausikii. Weaver akajaribu kumwambia mwenzake wavumilie hadi wapunguze mwendo na kimo ndipo waruke. Hawakufika huko. Ndege ilivunjika vipande wakiwa ndani.

Weaver alizirai. Alipozinduka alidhani anaota, kisha akadhani amekufa, kwa sababu hakuona kitu: kioo cha helmeti kilikuwa kimejaa barafu, na vazi lake la presha limejivimbisha na kumshikilia mwili. Hakuwahi kuvuta mpini wa kiti, kiti chenyewe kilibaki kwenye mabaki. Alirushwa nje na nguvu za kuvunjika kwa ndege, parachuti zikajifungua zenyewe. Akatua kwenye shamba la mifugo New Mexico, na mwenye shamba akamfuata na helikopta yake mwenyewe. Zwayer alikuwa amefariki, shingo ilivunjika ndege ilipokuwa inasambaratika. Baada ya wiki mbili Weaver alirudi kurusha SR-71.

———

Mdau: Ni kweli ilikuwa inavuja mafuta ikiwa chini? Na haikushika moto vipi?

Mleta uzi: Ilivuja, ndiyo. Mwili wa titani unatanuka ukipata joto, na lakiri za matangi zilichakaa kwa kupashwa na kupoozwa kila safari. Ila ile hadithi kwamba walijaza mafuta angani mara tu baada ya kupaa kwa sababu yote yamemwagika, hapana. Walipaa na mafuta pungufu kwa usalama: ndege nyepesi ina nafuu kwenye matairi na breki, na injini moja ikifa wakati wa kupaa unabaki na nafasi ya kuishi.

Mafuta yenyewe ni JP-7, yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Ukidondosha njiti ya kiberiti inayowaka ndani yake, inazimika. Yalifanya kazi nyingi kabla ya kuchomwa: yalizunguka ndege yakinyonya joto la mifumo, na shinikizo lake ndilo lililosukuma mitambo ya nozeli badala ya mafuta ya haidroliki. Mafuta yanayopashwa hivyo lazima yawe magumu kuwaka.

Ugumu huo ukaleta tatizo jingine: utayawasha vipi? Walitumia kemikali inayoitwa TEB, ambayo ikigusa hewa tu inawaka yenyewe. Ndiyo ule mmweko wa kijani mnaouona kwenye video. Kila injini ilikuwa na kichupa chake cha kutosha kuwasha angalau mara 16, na kila ukirudisha moto wa nyuma baada ya kunyonya mafuta angani unatumia dozi moja. Rubani alikuwa na kihesabio karibu na mpini wa mafuta, akikiangalia kama anavyoangalia mafuta yenyewe.

Kuizungusha injini ili ianze napo kulikuwa na vituko. Ndege haikuwa na starta yake. Walileta toroli lenye injini mbili za V8 za Buick, zimeunganishwa kwenye shafti moja inayosimama wima na kuingia tumboni mwa J58. Zinaunguruma mpaka J58 ifike mizunguko elfu tatu na kitu kwa dakika, ndipo mafuta na TEB vinaingia. Baadaye kambi zao kubwa zilihamia kwenye hewa iliyoshindiliwa. Na oili ya injini ilikuwa nzito kiasi kwamba kwenye baridi ilibidi ipashwe kwanza.

———

Mdau: Yote sawa, ila MiG-25, ndege ya kivita ya Wasovieti, nayo ilipiga Mach 3.2. Wamarekani wanajikweza tu.

Mleta uzi: Ilipiga, ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 rada za Israeli ziliiona moja juu ya Sinai ikienda hivyo. Ilirudi salama, injini zake zikiwa hazifai tena. Rubani Msovieti Viktor Belenko alipotoroka na MiG-25 hadi Hakodate, Japani, tarehe 6 Septemba 1976, wataalamu waliifungua na kukuta mashine ya chuma cha pua na nikeli, injini R-15 zisizotengenezwa kukaa kwenye kasi hiyo kwa muda mrefu. Marubani wake waliwekewa kikomo cha Mach 2.83, wakizidisha turbini inakimbia kupita kiasi na haishikiki.

Sisemi hivyo kuidharau. Ile ilikuwa ndege ya kuinuka, kurusha kombora na kurudi, na kwa kazi hiyo Wasovieti walipiga hesabu vizuri. Mwaka huohuo wa 1976, tarehe 28 Julai, SR-71 iliweka rekodi ya kilomita 3,529 kwa saa. Lakini namba ya kuangalia siyo hiyo. Angalia muda: saa nzima na zaidi juu ya Mach 3, inashuka kunyonya mafuta, inapanda tena, na injini ni zilezile kesho yake. Halafu titani nyingi iliyoijenga ilinunuliwa Urusi kupitia kampuni za kati, wauzaji hawajui inakwenda wapi. Kwa hiyo na Wasovieti wana mkono wao humo.